Mashua ibaki Kilwa, wewe panda basi

Nahodha mmoja wa Kojani, Pemba, ameniandikia kutoka dagoni, kambi ya wavuvi, kisiwani Songo Songo, Kilwa. Yuko huko na vijana wake kumi na mmoja tangu Oktoba, wanavua dagaa kwa mashua ya mbao yenye mashine ya kupachika nyuma. Nyumbani ameacha mke aliyejifungua Desemba, na mtoto mwenyewe hajamtia machoni. Anataka akafunge Ramadhani kwao, ale Idi, kisha arudi kumalizia msimu. Anauliza aende na mashua au aiache. Akiiacha, aiache vipi isimharibikie. Na afanyeje asirudie ya mwaka jana, alipokaa nyumbani siku tisa, simu haimtoki sikioni, akaondoka mkewe kanuna.

Nahodha, waalaykumu salaam. Hongera ya mtoto. Nakujibu mapema, Januari hii ya 2026, kwa sababu jambo lako lina tarehe, na tarehe zenyewe hazipangwi na mimi wala wewe. Zinapangwa na mwezi.

Nianze na la kwenda na mashua, maana naona ndilo unalolipenda. Najua raha ya kuingia Kojani na chombo chako, watoto wanakimbilia pwani. Lakini tazama pepo. Kutoka Songo Songo hadi Kojani, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya maili 200 za bahari, na zote unaelekea kaskazini. Februari kaskazi bado inavuma, kwa hiyo utapiga bisho, yaani kwenda mshazari ukipingana na upepo, njia nzima, ama utachoma petroli ambayo hela yake ingetosha nguo za Idi za nyumba nzima. Mkondo wa bahari yetu huenda kaskazini mwaka mzima, hilo litakusaidia kidogo, ila msimu wa kaskazi nao huzorota. Sasa piga hesabu ya kurudi. Ukimaliza Idi ni mwisho wa Machi, unaingia Aprili: maleleji, siku za pepo kugeuka, yamepita, kusi imeanza kunyanyuka, mvua za masika zimeshika, nawe unataka kushuka kusini. Utabisha kwenda na utabisha kurudi. Mwenye safari ya namna hiyo ni mtu anayehama, si mtu anayekwenda kumwona mtoto.

Kwa hiyo mashua ibaki. Ila isibaki Songo Songo.

Ufuo wa dago unaonekana salama kwa sababu una watu. Wiki ya mwisho ya Shaabani watu hao nao watakuwa wamekwenda kwao, na watakaobaki kila mmoja ana chombo chake cha kuangalia. Kisha pepo zikigeuka, pale ulipokuwa umejibanza na kaskazi ndipo kusi itakapokupiga usoni. Nimeona vyombo vizuri vikivunjika namna hii, vimefungwa vizuri kabisa, lakini kwa kukinga upepo wa mwezi uliopita.

Ipeleke Kilwa Masoko. Maji yaliyofungwa kati ya Masoko na Kilwa Kisiwani yana kinga ya pepo zote mbili. Wazee wa Kilwa hawakujenga mji wao pale kwa bahati. Ni kama maili 25 kutoka ulipo, moja kwa moja kusini, na Februari utashuka upepo ukiwa tezini, nyuma ya chombo. Aprili ukirudi dagoni utapanda kaskazini na kusi changa ikikusukuma. Safari ileile iliyokuwa adui yako kwenda Pemba, hapa inakuwa rafiki kwenda na kurudi. Na Masoko ndiko yaliko mabasi ya Dar es Salaam, ndiko iliko ofisi ya uvuvi ya wilaya, na mafundi wa mbao wapo.

Sasa mwezi. Mwezi mpevu ni usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari, na bamvu lake, yaani maji makubwa yanayojaa na kutoka kupita kawaida, litakuwa na nguvu kati ya tarehe 3 na 5. Wewe ni mvuvi wa dagaa, kwa hiyo siku hizo za mbalamwezi hamvui. Taa ya kuvutia dagaa haina kazi na watu wamekaa bure. Ndizo siku za kupandisha chombo: maji makubwa yanakuinua mpaka juu, na mikono ya kuvuta ipo. Maji hujaa kwenye saa kumi jioni wakati wa bamvu, jua limepoa. Bamvu linalofuata ni la mwezi mwandamo, tarehe 18 hadi 20 Februari, ndipo Ramadhani inapoanza. Kuwaomba watu waliofunga wavute mashua saa kumi jioni ni kutafuta lawama.

Najua utaniambia giza la katikati ya Februari ndilo lenye hela ya Idi. Ni kweli, na kuliacha kunauma. Ukiamua kulivua, basi jua kwamba utapandisha kwenye bamvu la mwandamo, utafika Kojani Ramadhani imeshaanza, na utasafiri katika msongamano wa mwisho. Kati ya hapo, siku za maji mafu, yasiyojaa sana, usijaribu. Utaishia kuiacha mashua chini kwenye tope, na kila bamvu litaipigapiga. Mimi ningepandisha la kwanza. Wewe ndiye unayejua deni la dukani.

Kuna jambo jingine la mwaka huu ambalo wengi hawataliona. Idi ya Fitri siku zote huja na mwezi mwandamo, kwa hiyo siku zote huja na bamvu. Mwaka huu wa 2026 mwezi mwandamo ni tarehe 19 Machi, na tarehe 20 ni siku usiku na mchana vinapolingana, ambapo bamvu huwa kubwa kuliko ya kawaida. Vyote viwili vimeangukia Idi. Maana yake ni kwamba maji yatakayopanda juu kabisa tangu uiache mashua yatapanda kati ya tarehe 20 na 22 Machi, saa kumi na kitu jioni, saa ambayo kila mtu Masoko amevaa kanzu mpya na hakuna anayetazama ufuo. Chombo kilichopandishwa Februari kwa kipimo cha Februari kinaweza kuelea siku hiyo, kikageuka, kikapiga ubavu kwenye gadi zake zenyewe, yale magogo yanayokiegemeza.

Kwa hiyo ukishapanda na maji ya tarehe 4 usitosheke. Tia magogo chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, vuteni tena hatua kumi na tano, ishirini, mpaka muipite ile mistari ya majani makavu na takataka ambayo bahari imeiacha mwaka mzima. Mistari hiyo ndiyo daftari la bahari. Ule wa juu kabisa ndio wa kuuamini. Simamisha chombo kwa gadi mbili kila upande, na chini ya kila gadi weka ubao mpana, kwa sababu mvua ya Machi italainisha mchanga na gadi isiyo na ubao itazama. Omo, yaani mbele ya chombo, iangalie baharini. Amari, kamba ya nanga, ifunge kwenye kitu cha nchi kavu chenye mizizi au nanga uliyoifukia, wala si kwenye mkoko mchanga. Mikoko usiikate hata fito moja. Utajiletea kesi ya misitu bila sababu.

Mbao zenyewe zina maadui wawili wanaopingana, na hapa ndipo watu wanapopotea. Chombo kikikaa juu, yule mdudu anayetoboa mbao majini hufa, na hilo ni faida. Kabla ya kuondoka kwangua magamba yote, pitisha moto wa makuti chini polepole, upande kwa upande, mpaka unyevu utoke na ubao uwe wa moto mkononi bila kuungua, kisha upake deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Ila jua la Februari na Machi litakausha mbao za juu ya maji, zitasinyaa, na mishono itafunguka mpaka uone mwanga. Funika mashua yote kwa makuti au turubai lililoinuliwa kwa fito, hewa ipite chini yake. Turubai lililolala juu ya mbao ni baya kuliko kutofunika, maana linafuga joto na jasho.

Adui wa pili ni maji ya mvua. Maji ya chumvi huhifadhi mbao, maji ya baridi huziozesha, na yakituama ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kwa wiki nne za masika utakuta mataruma, zile mbavu za chombo, yanabonyea kwa kidole. Kama mashua yako ina tundu la kutolea maji chini, lifungue na kizibo ukitie mfukoni mwako. Kama haina, mtu wako wa Masoko ana kazi ya kufua maji, kuyachota na kuyamwaga nje, kila baada ya mvua. Na siku za jua amwage ndoo kadhaa za maji ya bahari ndani, jioni, hasa kwenye mbao za karibu na mkuku. Ndoo hizo zinafanya kazi kubwa kuliko rangi.

Mashine usiiache kwenye chombo hata usiku mmoja. Itie kwenye pipa la maji baridi, iwashe, iungurume dakika kumi au kumi na tano mpaka ipate moto sawasawa, maana mpaka ipate moto ndipo maji yanapozunguka kote ndani na kutoa chumvi. Kisha chomoa mpira wa mafuta ikiwa bado inaunguruma, iachie imalize petroli iliyo kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Toa plagi, dondoshea oili kidogo, vuta kamba taratibu mara chache, rudisha plagi. Fungua oili ya gia chini: ikitoka nyeupe kama tui, maji yameingia na sili imekwisha, itengeneze sasa wakati una fundi, si Aprili. Petroli iliyochanganywa na oili usiifiche kwa ajili ya kurudi; miezi miwili inaharibika, iuze. Mashine ilale ndani ya nyumba inayofungwa, imesimama, na namba yake uipige picha.

Nyavu zisuuze kwa maji baridi, zianike kivulini, zining'inize juu ya dari panya wasizifikie. Betri za taa ziache zimejaa chaji. Tanga likiwa kavu kabisa ndipo likunjwe.

Haya, mtu. Kamba zote nilizokutajia hazina maana kama huna mtu mmoja wa pale mwenye jina lake. Nasema wa pale, mwenyeji wa Masoko mwenye nyumba na watoto wanaosoma pale, wala si mvuvi mwenzako wa dago, ambaye Ramadhani naye moyo uko kwao. Muulize katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, akuonyeshe. Mlipe kwa mafungu: kidogo unapoondoka, kidogo katikati, na fungu kubwa siku utakapoiona mashua inaelea. Fungu la katikati lifike kabla ya Idi, na umwambie waziwazi kwamba lile ni la jioni tatu za bamvu la Idi, awepo pale na kijana mmoja wa kumsaidia kushika amari. Mwenyeji huyu naye ana Idi yake. Usimwombe kwa bure.

Na andikeni. Karatasi moja yenye jina la chombo, vitu vilivyomo, jina lake, lako, la mmiliki kama si wewe, na tarehe. Nakala moja ibaki BMU, moja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ulikuja na barua ya sheha wako, basi uondoke kwa barua pia. Leseni ya uvuvi na karatasi za chombo beba mwenyewe, na uangalie tarehe zake za mwisho kabla hujapanda basi. Chombo cha mgeni kilichokaa ufuoni miezi miwili bila maelezo huleta maswali, na si kila anayeuliza ana nia njema.

Vijana wako sasa. Hesabu ipigwe Songo Songo kabla hamjang'oa nanga, mbele ya wote: mauzo, petroli, barafu, chumvi, chakula, kisha fungu la chombo na wavu, kisha mafungu ya watu kwa mila mliyokubaliana tangu mwanzo. Hesabu inayosubiri "tukifika nyumbani" hugeuka ugomvi wa familia mbili, kwa sababu Kojani kila mtu ni shemeji wa mtu. Nahodha aliyewatoa watu kwao ndiye anayewarudisha. Aliyeishiwa kwa sababu ya deni la sigara na vocha, nauli yake itoke kwako na muandikishane. Usimwache kijana dagoni Ramadhani.

Njia unaijua: Masoko, Nangurukuru, Dar es Salaam kiasi cha kilomita 300, meli ya Unguja, meli ya Pemba. Ondoka mapema, kabla siku za mwisho za Shaabani hazijafika, na fedha nyingi itangulie kwa simu. Meli ikiwa imefurika, baki gatini. Wewe wa Pemba sina haja ya kukueleza meli ya Spice Islander ya Septemba 2011, iliyozama ikielekea kwenu siku chache tu baada ya Idi. Siku moja ya kuchelewa futari ya nyumbani si kitu.

Sasa lile la mkeo, ambalo umeliandika mstari mmoja tu mwishoni, nami naona ndilo lililokufanya uandike.

Mwaka jana hukukosea kwa kukaa siku tisa. Siku tisa za mtu aliyepo zinatosha sana. Kilichoharibu ni kwamba uliacha chombo hakina mwenyewe, kwa hiyo mwenyewe ukabaki kuwa wewe, kwa simu. Ukifanya haya niliyoyasema, sababu ya kupiga simu kila siku inaondoka. Panga na mtu wa Masoko siku moja ya juma, tuseme Ijumaa baada ya sala, akutumie picha mbili: moja ya ngamani, moja ya mstari wa maji ufuoni. Zaidi ya hapo ni zile jioni tatu za bamvu la Idi. Mkeo mwambie mapema kwamba jioni hizo tatu utashika simu, na umwambie kwa nini. Mwanamke wa Kojani anajua bamvu ni nini. Kinachomuudhi ni kufichwa.

Halafu kuna hili la nahodha anayerudi. Dagoni neno lako ni la mwisho, watu kumi na mmoja wanangoja useme. Nyumbani, tangu Oktoba, mkeo ndiye nahodha: anajua duka lipi linakopesha, mtoto gani ana kikohozi, mama yako anameza dawa gani na saa ngapi. Usifike ukaanza kupanga upya. Siku za kwanza uliza, beba, nunua unachoambiwa. Kazi utaiona mwenyewe, kwa sababu masika iko mlangoni na paa la makuti halijatazamwa tangu uondoke. Piga paa hilo kabla ya kumi la kwanza kuisha, mikono yako inajua kamba na inajua kupanda. Mtoto mpe muda wake; wa miezi miwili hamjui baba, anajua harufu na sauti. Mshike usiku, mama alale. Hakuna zawadi ya Dar itakayoshinda hiyo.

Kuhusu kurudi, usiwaambie "nitakaa kidogo". Waambie tarehe tangu siku ya kwanza. Mwezi mpevu ni alfajiri ya tarehe 2 Aprili, bamvu lake 3 hadi 5. Kwa hiyo unaondoka Kojani tarehe 29 au 30 Machi, baada ya kukaa zaidi ya wiki ya Idi. Tarehe iliyosemwa mapema wanaizoea. Ile inayotolewa kwa ghafla baada ya simu moja ndiyo inayoleta machozi. Wala usijiongezee mpaka Mei kwa sababu nyumbani kumenoga. Barabara ya kusini nayo ina yake: kimbunga Hidaya kilipopiga mwanzoni mwa Mei 2024, mafuriko yaliikata barabara ile upande wa Somanga na magari yakakwama. Masika ikishakolea huna uhakika wa kufika, na mashua iko chini ya mvua. Sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kukata tiketi.

Ukifika Masoko usikimbilie nyundo. Mishono itakuwa wazi na kishawishi ni kupigilia pamba mpaka ijae. Ukijaza mshono uliokauka kupita kiasi, ubao ukirudi majini unavimba, hauna pa kwenda, unasukuma misumari na taruma. Mwagia kwanza maji ya bahari ndani na nje, asubuhi na jioni, siku mbili au tatu, ujionee mishono ikijifunga. Iliyobaki wazi ndiyo ukalafati, yaani uizibe kwa pamba, kwa mkono mwepesi, kisha deheni. Rudisha kizibo. Hilo nalisema kwa sababu watu huwa wanalisahau. Ishushe kwa magogo yaleyale, iache ielee hapo hapo ufuoni usiku kucha na mtu wa kufua maji akiwa ndani. Usiku wa kwanza itavuja, usihangaike. Ikifika siku ya tatu bado unafua kwa kasi ileile, usitie nyavu na usielekee Songo Songo; ipweleze, ikae kavu ufuoni maji yakitoka, tafuta ubao wenyewe unaotoa maji, uupige picha kwa ndani na kwa nje, na unitumie nikuambie kama ni wa kukalafati au wa kubadilisha.